Goti Bovu la Baba

Harufu ya kwanza ilikuwa ya amonia. Haikuwa kali. Ilitoka chumba cha mitambo, ikapita chini ya mlango, na pua ikishaizoea ilianza kuzitambua harufu nyingine zilizojificha nyuma yake: mpira wa sakafu uliolowa, glavu za mwaka juzi ambazo hazijawahi kukauka vizuri, chipsi zilizomwagiwa siki pale kantini, na chuma kilichotoka kunolewa. Nje ilikuwa Julai ya Johannesburg, nyasi zimegeuka njano, hewa kavu inapasua midomo, na moshi wa nyasi zilizochomwa kandokando ya barabara umening'inia juu ya mabati ya Turffontein. Ndani ya lile jengo, nyuma ya safu ya maduka ya vipuri vya magari, kulikuwa na baridi nyingine kabisa, baridi yenye unyevu iliyopanda kutoka kwenye barafu na kuingia kwanza kwenye vidole vya miguu. Kisahani cheusi kilipogonga mbao za kuzunguka uwanja, mlio wake ulikuwa kama wa mlango uliobamizwa na mtu mwenye hasira. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na majira yale yote ya kipupwe nilisimama golini nikikizuia kisahani hicho kisiingie wavuni nyuma yangu.

Watu wakisikia kwamba nilikulia Johannesburg nikicheza mpira wa magongo wa barafuni, hudhani natania. Wengine huuliza barafu yenyewe tuliitoa wapi. Jibu la swali hilo ni baba yangu, kwa maana baba ndiye aliyeitengeneza. Baba, ambaye wenzake walimwita Vusi, alikuwa fundi wa mitambo ya baridi. Alizaliwa Soweto, akaikimbia nchi akiwa kijana wakati wa ubaguzi wa rangi, akapokewa Tanzania, na kutoka huko akapelekwa Urusi, enzi hizo ikiitwa Umoja wa Kisovieti, kusomea namna ya kugandisha na kupoza vitu. Akakaa miaka minne, akarudi Morogoro na diploma na koti zito ambalo hakuwahi kulihitaji tena, na hapo Morogoro akamkuta mama, Mwanahamisi, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la shangazi yake karibu na soko. Nchi yake ilipofunguliwa akarudi naye, mimi nikiwa mtoto wa kubebwa. Nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha waliyochumbiana kwayo. Cha mama kilikuwa cha Morogoro mjini, cha baba kilikuwa hicho hicho kikiwa na mdundo wa Kizulu, na mimi nilikielewa chote lakini nikawajibu kwa Kiingereza, kama walivyofanya watoto wengi wa mtaani kwetu. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikuja kukikomaza baadaye, nilipokwenda kusoma Dar es Salaam.

Baba alikuwa akitengeneza vyumba vya baridi vya mabucha wa kusini mwa jiji. Siku moja wakamwita uwanja wa barafu, kompresa imekufa na barafu imeanza kuwa maji. Ilikuwa likizo, hivyo nilikwenda naye. Alishinda chumba cha mitambo siku tatu. Mwenye uwanja alifurahi mno hivi kwamba alimpa kazi ya kuja kila wiki kuangalia mitambo, na mimi akaniruhusu niteleze bure wakati wowote ambapo baba yupo. Mwaka mmoja ukapita hivyo, mimi nikianguka na kuinuka, hadi siku moja nikajikuta nimeingizwa kwenye timu ya watoto walio chini ya miaka kumi na miwili. Tulikuwa wasichana wawili na wavulana kumi na mmoja, na vifaa vyangu vyote vilikuwa vimevaliwa na watu wengine kabla yangu.

Kocha wetu aliitwa Deon. Alikuwa Mzungu mpana, mwenye masharubu, aliyeuza matairi siku za kazi na kufundisha watoto bila malipo jioni na Jumamosi. Hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa na sauti mbili, moja ya watu aliowajua na nyingine ya watu aliodhani wamepotea njia. Jumanne moja baba alitoka chumba cha mitambo akifuta grisi mikononi, akasimama kwenye kioo kututazama tukifanya mazoezi. Deon akamkaribia kwa ile sauti yake ya pili, akamuuliza kwa upole, polepole, kama anamweleza mtoto, "Huu mchezo unauelewa kidogo?"

Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka hapo, nikifunga kamba ya helmeti. Niliona baba akiendelea kufuta kidole kimoja ambacho tayari kilikuwa safi.

"Nimeucheza," akasema. "Miaka minne, Urusi. Nilikuwa golikipa."

Nikageuka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia habari hiyo. Uso wa Deon ulibadilika kabisa, na sauti ikabadilika nayo. Akauliza kwa nini basi hachezi siku hizi, na baba, bila kusita, akainama akashika mguu wake wa kushoto. "Goti," akasema. "Liliharibika huko huko."

Tangu siku hiyo pale uwanjani baba akaitwa Mrusi. Wazazi wengine walimpisha kwenye ngazi ili asiumize goti. Mimi nilitangaza shuleni, nikatangaza kwa majirani, nikamtangazia hata Msomali wa Mayfair aliyemuuzia mama mchele na viungo kila Ijumaa. Mama alikuwa amesimama hapo hapo na kikapu chake, akanisikia nikisema baba alikuwa golikipa mkubwa Urusi. Aliuliza bei ya iliki.

Wiki chache baadaye golikipa wetu, mtoto aliyeitwa Liam, alihamia Durban na wazazi wake. Deon alitupanga mstari akatutazama mmoja mmoja, kisha kidole chake kikasimama kwangu. Nilijua vizuri kwamba sikuwa nateleza kwa kasi na kwamba kurudi kinyumenyume kulinishinda. "Binti wa Mrusi," akasema. "Hii itakuwa kwenye damu." Ndivyo nilivyoingia golini.

Baba alilichukulia jambo hilo kwa uzito ambao sikuwahi kumwona nao hata kwenye kazi yake. Kila jioni, kabla jua halijatua, alinisimamisha uani mbele ya ukuta, na vikinga miguu vilivyokuwa vikubwa kwangu, akanirushia mipira ya tenisi. Mama alilalamikia mchicha wake. "Baba Rehema, hilo tuta nimelipanda jana!" Baba aliomba radhi, akasogea hatua mbili, akaendelea. Na maneno yake yalikuwa tofauti na ya Deon. Deon alinifundisha kutazama mikono ya mpigaji, gongo lake, macho yake. Baba hakuzungumzia mpigaji hata kidogo. "Visigino, Rehema. Visigino visishikane, utakosa pa kusukumia." Au, "Umeinua mabega. Golikipa akiinua mabega ameshaogopa, na akishaogopa amechelewa." Au, "Usiuegemee mwamba wa goli. Uguse tu kwa gongo, ujue uko wapi, kisha uuache." Alizunguka nyuma yangu kila wakati, akinigusa mgongoni kwa kidole hapa na pale. Sikujiuliza kwa nini. Nilidhani ndivyo Warusi wanavyofundisha.

Tulifungwa mechi mbili za kwanza vibaya sana. Ya tatu tukatoka sare, ya nne tukashinda, na mimi nikaanza kuhisi kitu ambacho mtu asiyewahi kusimama golini ni vigumu kumweleza: ile sekunde ambapo kelele zote zinapotea na kisahani kinakuja kwako polepole kuliko kilivyo kweli, na unajua kabla hakijafika kwamba hiki ni chako. Baba alisimama kwenye benchi kando ya Deon, amevaa kofia ya sufu. Kila nikimtazama alishusha mabega yake taratibu, nami nikashusha yangu. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara yetu.

Kitu kimoja tu kilinitatiza. Jumamosi moja baba alipanda ngazi akichechemea mguu wa kushoto, na Jumamosi iliyofuata akachechemea wa kulia. Nilimuuliza mama jikoni.

"Magoti ya watu wazima husafiri," mama akanijibu, akaendelea kukuna nazi.

Mama mwanzoni hakuja uwanjani. Alisema baridi ya nje inamtosha, hana haja ya kwenda kuitafuta nyingine ndani. Lakini timu ilipoanza kushinda akaja, amejifunga khanga mbili juu ya koti, na chupa kubwa ya chai ya tangawizi. Akammiminia mzazi aliyekaa karibu, kisha wa pembeni yake, na baada ya majuma mawili wazazi wote wa timu walikuwa wakimzunguka na vikombe vyao. Ni kwa njia ya chai hiyo ndipo mama, bila kukusudia, alipoligusa jambo lenyewe. Katikati ya majira timu ilipata mchezaji mpya, msichana aliyeitwa Katya, mwembamba, mwepesi kuliko sisi sote. Mama yake, Bi Galina, alikuwa ameolewa na mtu wa hapa, lakini alizaliwa na kukulia Urusi. Mama alipolisikia hilo alifurahi kama aliyekutana na ndugu. Akamwekea kikombe mkononi akamwambia, kwa Kiingereza chake cha sokoni, "Mume wangu anazungumza Kirusi! Alikaa kwenu miaka minne! Subiri nimwite."

Baba aliitwa. Nilikuwa juu ya barafu nikipasha mwili moto, lakini nilimwona. Alikuja polepole sana, na safari hii goti halikuwa sababu ya mwendo ule. Bi Galina alimuuliza kitu, baba akajibu. Akacheka yule mama, akauliza kingine, akionyesha uwanja. Baba alitazama chini. Kisha akazungumza kwa muda mrefu kwa Kirusi, kwa sauti ya chini, na mikono yake ikitembea angani kama inachora ramani ya mahali fulani. Mama alisimama kati yao na chupa yake akitabasamu, haelewi hata neno. Mimi pia sikuelewa. Nilifurahi tu kwamba baba amepata mtu wa kuongea naye habari za ushujaa wake.

Katya alielewa. Siku ya mazoezi iliyofuata, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, tukiwa wawili tu kwenye kona ya wasichana, alinisaidia kuvuta kamba za viatu huku akisema, wala si kwa ubaya, kama mtu anayeeleza jambo la kuchekesha alilolisikia mezani, "Baba yako ni mcheshi. Amemwambia mama hajawahi kucheza hata siku moja. Amemwomba asimwambie mtu."

Nakumbuka nilitazama ncha ya kamba iliyokuwa imekatika na kufungwa kwa utepe. Nakumbuka nilisema, "Najua," na lilikuwa jambo la uongo. Nikaingia barafuni nikiwa nimejaa hasira ambayo sikuwa na pa kuiweka. Nilikuwa nimemtangaza shule nzima. Nilikuwa nimewekwa golini kwa sababu ya damu ambayo haikuwapo.

Jumamosi hiyo tulicheza na timu ya Pretoria, iliyokuwa bora kuliko zote. Baba alisimama kwenye benchi na kofia yake. Akashusha mabega. Mimi nikainua yangu kwa makusudi, nikamkazia macho. Akashusha tena. Nikageuza uso. Nilishikanisha visigino, nikaegemea mwamba, nilifanya kila alichonikataza, na kisahani kikaingia, kikaingia tena, hadi Deon akaacha kupiga kelele na kubaki ameshika kiuno. Tulifungwa saba kwa moja. Watoto wenzangu hawakunilaumu, na hilo liliniumiza zaidi kuliko kama wangenitukana.

Mama siku ile alikuwa amebaki nyumbani, hivyo tulirudi wawili tu ndani ya bakkie, pikapu ya kazi ya baba, vyombo vikigongana nyuma. Tulikuwa tumesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, karibu na uwanja wa mbio za farasi nilipomuuliza, kwa Kiswahili, ili liwe zito, "Baba, goti bovu ni lipi?"

Robot ikawa kijani, gari la nyuma likapiga honi, na baba akavuka barabara, akaegesha pembeni ya ukuta wa uwanja wa farasi, akazima injini.

"Katya amekwambia," akasema.

"Ndiyo."

"Eish." Akavua kofia, akaipakata mapajani. "Hakuna goti bovu, mwanangu. Yote mawili mazima."

Kisha akanisimulia, na ninavyokumbuka alikuwa akiutazama usukani muda wote. Alisema mji aliosomea ulikuwa wa viwanda na majira ya baridi yake yalikuwa marefu kuliko mwaka. Wanafunzi kutoka nje walikuwa wengi, lakini Jumapili kila mmoja alikwenda kwa watu wa kwao, na yeye, kati ya watu wa kwao, alikuwa amebaki peke yake baada ya mwenzake kuugua na kurudishwa. Karibu na bweni kulikuwa na kiwanja cha barafu cha klabu ya wafanyakazi wa mabasi. Kuingia ilikuwa bure ukikaa nyuma ya goli, kwa sababu pale huoni vizuri na upepo wote unakuja kwako. Akaenda Jumapili moja, akarudi ya pili, akaenda miaka minne. Golikipa alikuwa fundi wa mabasi, mtu mzima mwenye kipara. Hawakuwahi kuzungumza. Lakini yule mtu alishamzoea, na kila kipindi kilipoanza aligeuka, akagonga mwamba wa goli kwa gongo lake na kumwinamishia kichwa kidogo baba yangu, kabla ya kuinama kuanza kazi. "Rehema," baba akasema, "kuna wiki ambazo hiyo ndiyo salamu pekee niliyopata."

"Sasa kwa nini ulimdanganya Deon?"

"Aliniuliza kama mtu anayejua jibu tayari," akasema. "Nikataka akosee. Neno likanitoka. Na likishatoka, wewe ukawa umesimama pale unanitazama. Ulivyonitazama, mwanangu, sikuweza kulirudisha."

Nilitaka kubaki na hasira yangu, lakini nilikuwa nimeanza kufikiri juu ya visigino na mabega na mgongo, na jinsi ambavyo hakuwahi kunifundisha kitu chochote kinachoonekana kutoka mbele. Tulipofika nyumbani nilimwendea mama moja kwa moja, nikamwambia baba ni mwongo. Alikuwa anakunja nguo.

"Najua," mama akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema kule Mayfair. Baba yako alipokuja kunichumbia alinisimulia Urusi yote. Baridi yake, kabichi yao, chumba walichokaa wanne, mwalimu aliyempigia piano. Mwanamume aliyecheza mpira miaka minne, atasahau kumsimulia hilo msichana anayemtaka?" Akaweka shati juu ya mengine. Kisha akapaza sauti ili asikike sebuleni. "Baba Rehema! Kamwambie huyo kocha mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Mtoto asiubebe mzigo wako."

Jumanne baba alikwenda. Sikutaka aende. Nilijua atanyang'anywa jina lake la Mrusi na nafasi yake kwenye benchi, na kumbe nilivitaka vyote viwili viwepo hata baada ya kujua. Alimkuta Deon karibu na kantini, nami nilikuwa nimekaa kwenye benchi la karibu nikivaa viatu, nikasikia yote. Alisema kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi, bila kujitetea. Sikuwahi kucheza. Nilikuwa mtazamaji. Goti langu halina tatizo. Naomba radhi.

Deon alivuta masharubu yake. "Nimewaambia makocha wa timu zote," akasema. "Nimewaambia nina Mrusi kwenye benchi langu."

"Najua."

"Umeniaibisha, Vusi."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

"Jumamosi utakaa na wazazi wengine," Deon akasema, akaondoka kwenda barafuni. Baba akaokota mfuko wake wa vyombo, akaingia chumba cha mitambo, kwa kuwa ilikuwa Jumanne na kompresa ilitaka kuangaliwa.

Jumamosi hiyo ilikuwa mechi yetu ya mwisho ya majira, tena na Pretoria wale wale. Niliingia golini nikatazama kwenye benchi kwa mazoea, nikaona pengo. Nikatazama walipokaa wazazi, juu katikati, wamezunguka chupa ya chai. Mama alikuwapo. Baba hakuwapo. Kisha nikasikia kitu kikigonga kioo nyuma yangu, mara moja, taratibu, nikageuka. Alikuwa amekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki nyuma ya goli langu, mahali ambapo hapakukaa mtu kwa sababu ya ubaridi wake, mikono kwapani. Hakunipa ishara yoyote. Nilisimama nikimtazama kwa muda ambao refa aliuona mrefu, kwa maana alipuliza filimbi. Nikagonga mwamba kwa gongo langu, nikamwinamishia kichwa, nikageukia kazi.

Kipindi cha kwanza walitufunga moja. Kilipokwisha, timu zikabadilishana upande, nami nikateleza hadi goli la pili. Nilipofika nikageuka kuangalia alikobaki, na nikamwona anakuja. Alikuwa anazunguka uwanja mzima kwa miguu, mbele ya wazazi wote, mbele ya benchi la Deon, mbele ya kila mtu aliyekuwa amempisha kwenye ngazi majira yale yote, akitembea haraka na magoti yake mawili mazima. Hakuchechemea hata hatua moja. Watu walitazama. Mzazi mmoja alinong'ona kitu, mwingine akacheka. Baba akafika nyuma ya goli langu, akafuta kiti kwa kofia, akakaa. Kipindi cha tatu akazunguka tena, na safari hii mama alishuka kutoka juu na chupa yake na khanga zake, akamfuata, akakaa naye kwenye ule ubaridi aliokuwa ameapa hatautafuta.

Katya alifunga mabao mawili. Wao wakaongeza moja. Ilipobaki kama dakika moja, mchezaji wao mrefu kuliko wote alichomoka peke yake katikati ya uwanja na hapakuwa na mtu kati yangu na yeye. Deon alipiga kelele nimtazame mikono, nikaitazama. Lakini nilichokuwa nikikisikia mwilini ni visigino vilivyoachana, na mabega yaliyoshuka yenyewe. Nilitoka golini hatua mbili. Alipiga, kikanigonga chini kidogo ya shingo, nikakidondokea kwa tumbo na kubaki nimelala juu yake hadi refa alipokuja kuniomba nimpe. Mechi ikaisha mbili kwa mbili. Kwenye msimamo tulikuwa wa tatu kati ya timu nne, na hakukuwa na kombe la wa tatu.

Wenzangu walikuwa bado wananirundikia glavu kichwani nilipomwona Deon akipita nyuma ya mbao, kuelekea kwenye viti vile viwili. Mama alisimama akampisha. Deon akakaa. Kwa sababu ya kioo sikusikia, ila niliona kwamba walizungumza kidogo tu, kisha wote wawili wakabaki wakilitazama goli tupu. Baadaye baba alitueleza alichoambiwa. Deon alisema, "Kutoka hapa unaona miguu yake yote," na baada ya muda akaongeza, "Miaka ishirini nafundisha, sijawahi kukaa hapa." Majira yaliyofuata alimrudisha kwenye mazoezi ya Jumanne, awafundishe magolikipa wa timu zote tatu za watoto. Kwenye benchi hakumrudisha, na baba hakuomba.

Uwanja ule umefungwa siku nyingi. Jengo lipo, ndani wanauza samani, na sakafu imepigwa vigae. Mimi siku hizi nadakia timu ya wanawake kwenye uwanja ulio ndani ya maduka makubwa, kaskazini ya mbali ya jiji. Hatulipwi hata randi moja, tunalipa wenyewe tuipate barafu, na nusu yetu tuna watoto. Jumamosi nafundisha magolikipa wadogo. Kuna wawili wa Kikongo kutoka Yeoville, watoto wa fundi cherehani, wanaonisalimia kwa Kiswahili cha Bukavu na kunijibu kwa Kiingereza, kama nilivyokuwa. Wana helmeti zinazowatosha. Wana video: wakidaka vibaya, mzazi ameshawarekodi, na kabla hawajavua viatu wanaitazama kwenye simu, polepole, kutoka pembe tatu. Wamewaona wachezaji wa kulipwa wa Kanada na Marekani mara nyingi kuliko walivyowaona jirani zao. Wanajifunza haraka kuliko sisi, nami nawafurahia. Lakini hufikiri pia kwamba siku hizi uongo wa baba usingedumu hata dakika tano. Kocha angetoa simu mfukoni, angeandika jina, angetikisa kichwa, na baba angerudi chumba cha mitambo na vyombo vyake. Nisingesimama golini. Yule fundi wa mabasi mwenye kipara asingejulikana na mtu yeyote kusini mwa dunia, wala mimi nisingekuwa nafundisha watoto wa Yeoville namna yake ya kusimama.

Baba sasa ana miaka sabini. Mama humvalisha skafu, nami huwapitia wote wawili Jumamosi asubuhi. Wazazi wapya wakimwona anavyowazungukia wale wadogo na kuwagusa migongoni kwa kidole, huja kumuuliza, kwa heshima, alichezea timu gani enzi zake. Huwatazama usoni mmoja mmoja. "Sikuwahi kucheza," huwajibu, kwa sauti ambayo inasikika mpaka barafuni, kisha huvuta kiti hadi nyuma ya goli na kumwonyesha aliyeuliza pa kukaa.